Miss Saigon: maswali ninayoulizwa kila nikiitaja hii shoo

Kila nikiitaja Miss Saigon maswali yanakuwa yaleyale, wengine wanauliza kwa sababu wanataka kununua tiketi, wengine wameona kipande tu cha helikopta kwenye simu wakadhani ni muvi ya kivita. Nimeona niyajibu yote sehemu moja. Nasema mapema, naipenda sana hii shoo na pia kuna vitu ndani yake vinaniuma, vyote viwili nitavisema. Na mwisho wa hadithi nitauelezea, kwa hiyo kama hutaki kuujua ruka yale maswali ya katikati.

Hii Miss Saigon ni nini hasa? Ni muvi au ni mchezo wa kuigiza?

Ni mchezo wa jukwaani wa kuimba, yaani karibu kila kitu kinaimbwa, kuongea kawaida ni kidogo mno. Muziki katunga Claude-Michel Schönberg, maneno ni ya Alain Boublil na Richard Maltby Jr., prodyuza ni Cameron Mackintosh na muongozaji wa kwanza alikuwa Nicholas Hytner. Ilifunguliwa London tarehe 20 Septemba 1989 kwenye ukumbi wa Theatre Royal Drury Lane na ikakaa palepale miaka kumi, maonyesho 4,264. New York ilianza Aprili 1991 ikafungwa Januari 2001, huko nako yakawa maonyesho 4,092. Sasa fikiria watu wanaimba huzuni ileile zaidi ya mara elfu nne na ukumbi bado unajaa.

Hadithi inahusu nini, kwa kifupi?

Saigon, Aprili 1975, vita ya Vietnam inaelekea mwisho na mji unakaribia kuanguka. Kim ana miaka 17, kijiji chao kimechomwa, wazazi wamekufa, kaja mjini hana mtu wa kumshika mkono na kaishia kwenye baa ya makahaba inaitwa Dreamland. Usiku wake wa kwanza kabisa pale anakutana na Chris, sajenti wa Kimarekani, rafiki yake John ndiye anayemlipia. Asubuhi Chris anataka kumpa hela aende zake, Kim anaanza kumsimulia maisha yake na Chris anajikuta hawezi kuondoka. Wanapendana haraka haraka kama watu wanaojua muda hawana, wanafanya kasherehe kama ka harusi na wasichana wenzake wa baa, halafu mji unaanguka na wanapotezana getini kwenye ubalozi wa Marekani. Chris anaondoka na helikopta. Kim anabaki na mimba ambayo Chris haijui.

Miaka mitatu baadaye Kim ana mtoto wa kiume anaitwa Tam na bado anamsubiri mumewe, na Chris huko Marekani kashaoa mwanamke mwingine anaitwa Ellen. Yanayofuata ni watu hao kukutana Bangkok.

Mbona inafanana na ile ya Mjapani aliyemsubiri mwanajeshi wa meli?

Kwa sababu ndiyo yenyewe. Imetoholewa kutoka Madama Butterfly, opera ya Puccini iliyoonyeshwa mara ya kwanza Milan tarehe 17 Februari 1904 na watu wakaizomea, akairekebisha na miezi mitatu tu baadaye huko Brescia ikapokelewa vizuri. Ile inatokea Nagasaki, binti wa miaka 15 anaolewa na afisa wa jeshi la majini la Marekani, jamaa anaondoka, binti anazaa na anasubiri miaka mitatu, mume anarudi na mke wa kizungu kuja kuchukua mtoto.

Ila kuna tofauti moja ambayo kwangu ndiyo inabeba mchezo mzima. Pinkerton, yule afisa wa kwenye opera, anajua toka mwanzo kwamba anacheza tu, anaoa huku anawaza atakavyokuja kuoa kwao kwa kweli. Chris sio hivyo. Chris anampenda Kim kwa dhati, anamtafutia karatasi za kuondoka naye, anampigania mpaka dakika ya mwisho na bado anamwacha. Yaani waandishi walimwondoa mtu mbaya kwenye hadithi wakaiacha vita ifanye ile kazi ya ubaya peke yake, na matokeo ni yaleyale, mwanamke anakufa na mtoto anachukuliwa. Kwangu hiyo inaumiza kuliko ile ya kwanza, maana ukitafuta wa kumlaumu mikono inabaki hewani.

Ni hadithi ya kweli?

Kim na Chris hawakuwahi kuwepo. Lakini chanzo chake ni kitu cha kweli, Schönberg aliona picha kwenye jarida, mama wa Kivietnamu yuko kwenye mlango wa kuondokea uwanja wa ndege wa Tan Son Nhut anamuaga binti yake mdogo anayeenda Marekani kwa baba yake aliyekuwa mwanajeshi. Mama yeye haendi. Anamtoa mtoto akijua kwamba huenda ndiyo wameshaachana moja kwa moja, kisa tu huko anakokwenda kuna maisha.

Ukiitafuta hiyo picha iangalie taratibu. Mtoto analia waziwazi kama watoto wanavyolia, mama kaukaza uso. Mchezo wote umetoka kwenye ule uso, ndiyo maana mtu akiniambia Miss Saigon ni hadithi ya mwanajeshi aliyependa msichana nambishia. Ni hadithi ya mama na mtoto wake, mapenzi ya Chris ni njia tu ya kutufikisha hapo.

Marekani si walitoa jeshi Vietnam mwaka 1973? Chris anafanya nini Saigon 1975?

Swali zuri na wengi hawalioni. Mkataba wa Paris ulisainiwa Januari 1973 na mpaka mwisho wa Machi vikosi vya mapigano vilikuwa vimeshaondoka, ila ubalozi ulibaki na walinzi wake na wafanyakazi wengine. Kwenye mchezo Chris anaimba kwamba alisharudi kwao akakuta hakuna anayetaka hata kusikia habari za vita, akaona bora arudi Saigon awe dereva wa ubalozi. Ni mistari michache tu inapita haraka lakini inakwambia mengi, huyu kijana alikuwa ameshapotea kabla hata hajakutana na Kim.

Na lile tukio la helikopta juu ya paa, lilitokea kweli?

Uokoaji ulitokea, tarehe 29 na 30 Aprili 1975, na karibu watu 7,000 walitolewa kwa helikopta kwenda kwenye meli zilizokuwa baharini, wengi wao Wavietnamu. Geti la ubalozi lilizingirwa na watu wenye karatasi na wasio na karatasi, wengine wanarusha watoto juu ya ukuta. Helikopta ya mwisho iliyobeba wanamaji iliondoka paa la ubalozi asubuhi ya tarehe 30, na chini uani waliachwa mamia ya watu walioahidiwa kwamba watachukuliwa. Kim ni mmoja wa hao, tofauti ni kwamba yeye yuko nje ya geti.

Halafu ile picha maarufu ya watu wamepanga foleni kwenye ngazi nyembamba wanapanda helikopta juu ya paa, sio ubalozi ule. Ni jengo la ghorofa la makazi mtaa wa Gia Long, lilikuwa na watu wa CIA. Watu wengi wanaichanganya.

Helikopta inashuka kweli jukwaani?

Kwenye toleo la kwanza la London na la New York ndiyo, ilikuwa bodi kubwa la helikopta linashushwa kutoka juu, seti ilibuniwa na John Napier. Ziara nyingine baadaye zilitumia picha za kurushwa kwenye skrini kwa sababu mtambo ule ni mzito na sio kila ukumbi unaubeba. Mimi nimeiona London 2015, lile toleo jipya lililoanza 2014 pale Prince Edward Theatre, nilikaa juu kabisa kwenye viti vya bei ya chini na bado ule mlio niliusikia kifuani kabla macho hayajaona kitu.

Watu wengi wanasubiri helikopta sehemu ya kwanza, haipo huko. Inakuja sehemu ya pili, ndani ya ndoto ya Kim. Tayari umeshamjua Tam, umeshajua Chris ana mke, ndipo mchezo unakurudisha nyuma mpaka usiku wa getini kukuonyesha walivyopotezana. Geti linazunguka, mara uko nje na Kim mara uko ndani na Chris, anapiga simu, anapiga kelele, John anamzuia, amri imetoka kwamba hakuna Mvietnamu mwingine anayeingia. Kama wangelipanga kwa mtiririko wa kawaida lingekuwa tukio la vita tu. Hapo lilipowekwa ni kidonda, unawaona wanahangaika kutafutana na wewe tayari unajua hawataonana.

Huyu anayeitwa Engineer ni nani? Ni mhandisi?

Hapana, hilo ni jina tu la mtaani. Ndiye mwenye baa, kuwadi, chotara wa Kifaransa na Kivietnamu, na maisha yake yote yana lengo moja, kupata viza ya Marekani. Anawauza wasichana na anamtumia Kim na Tam kama tiketi yake, lakini ndiye anayeifanya shoo isizame kwenye machozi mwanzo mwisho. Karibu na mwisho ana wimbo mkubwa kuhusu Marekani anayoiota, pesa, wanawake, gari aina ya Cadillac linaingia jukwaani. Watu wanashangilia sana na ni haki yao, lakini angalia saa imefika wapi: dakika chache baada ya wimbo ule Kim anakufa.

Ellen je, ni mtu mbaya?

Sio mbaya, na naomba watu waache kumchukia. Ameolewa na mwanaume anayeamka usiku anapiga kelele jina la mwanamke mwingine na hajaambiwa ni nani. Anaambiwa kila kitu ghafla, anasafiri mpaka Bangkok, halafu Kim anafika hotelini akidhani anakuja kukutana na mumewe na anayefungua mlango ni Ellen. Hakuna kati yao aliyemwibia mwenzake. Waandishi wenyewe walihangaika na huyu mhusika, wimbo wake wameubadilisha zaidi ya mara moja na lile toleo la 2014 lilitumia mwingine kabisa. Mimi naona bado hajapewa nafasi ya kutosha, kila kitu anachoimba kinahusu maumivu ya Chris.

Kwa nini Kim anajiua? Hakukuwa na njia nyingine?

Hili ndilo naulizwa kuliko yote, na watu wanauliza kwa hasira. Ukifuata mantiki ya mchezo ni hivi, Chris na Ellen wanasema watawasaidia Kim na mtoto kwa kutuma pesa lakini wabaki Bangkok. Kim haoni maisha ya mtoto wake pale, Tam atakua kwenye vichochoro vya baa kama mtoto wa kahaba asiye na nchi. Anajua kitu kimoja, akiwa hai watamwacha Tam kwa mama yake, akifa hawatakuwa na pa kumwacha. Anamvalisha mtoto, anamwambia maneno yake ya mwisho, anaingia nyuma ya pazia na bastola, tena ni ileile ya Chris aliyoitumia kumuua Thuy.

Thuy ni nani? Ni binamu yake aliyeposwa naye na wazazi wao tangu wakiwa wadogo, baada ya vita akawa kiongozi kwenye serikali mpya, akamtafuta Kim miaka mitatu. Alipomwona Tam akatoa kisu amuue, Kim akampiga risasi. Kabla ya hapo Kim anamtoa mtoto alikomficha na kumweka mbele ya Thuy, na huyo mtoto mchezo mzima hasemi neno hata moja. Anasimama tu. Ukumbi wote ulikuwa kimya, mtu aliyekuwa pembeni yangu alikuwa ameshika begi lake mkononi kama anataka kuondoka na hakuondoka.

Kwa hiyo nikirudi kwenye swali, ndani ya hadithi ni sababu inayoshikika. Nje ya hadithi nakubaliana na wanaokasirika, maana mwanamke wa Kiasia kufa ili hadithi ya wengine imalizike vizuri ni kitu kimerudiwa tangu 1904 na kwa nini kirudiwe.

Ni kweli iliwahi kuleta ugomvi mkubwa Marekani?

Ndiyo, tena kabla haijafunguliwa. London Engineer aliigizwa na Jonathan Pryce, mzungu wa Wales, na mwanzoni alipakwa rangi na kubandikwa vitu machoni aonekane Mwasia. Shoo ilipotaka kuhamia New York, Agosti 1990 chama cha waigizaji kikakataa Pryce asiende na hiyo nafasi, waigizaji na waandishi wenye asili ya Asia wakiwemo B.D. Wong na David Henry Hwang walikuwa wamelalamika. Mackintosh akafuta shoo nzima wakati tiketi za zaidi ya dola milioni 20 zilikuwa zimeshauzwa, na baada ya siku chache chama kikabadili uamuzi. Pryce akaenda, bila yale ya machoni, akashinda Tony, ile tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani Marekani.

Sijawahi kuuona uamuzi ule wa mwanzo wa kumpaka mtu rangi kuwa ni sawa, kipaji chake hakibadilishi kitu. Na walalamikaji hawakupoteza kila kitu, baada yake huko New York ile nafasi ikawa ya waigizaji wenye asili ya Asia. Toleo la 2014 Engineer alikuwa Jon Jon Briones, Mfilipino aliyeanza kwenye kundi la waimbaji la 1989 London. Miaka 25 kutoka nyuma ya jukwaa mpaka mbele, huyo nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Na Kim wa kwanza alikuwa nani?

Lea Salonga, binti wa Manila. Walizunguka nchi mbalimbali kutafuta msichana anayeweza kuimba shoo nzima, wakampata Ufilipino akiwa na miaka 17. Alishinda tuzo ya Olivier London na Tony New York, akawa mwigizaji wa kike wa kwanza wa Kiasia kushinda Tony. Tangu hapo Manila imekuwa kama kisima cha hii shoo. Wa 2014 ni Eva Noblezada, Mmarekani ambaye baba yake ni Mfilipino, naye alichaguliwa akiwa na miaka 17, umri uleule wa Kim.

Wavietnamu wenyewe wanaionaje?

Wengi hawaifurahii na inabidi tuwasikilize. Mwandishi Viet Thanh Nguyen, aliyekimbia Vietnam akiwa mtoto mwaka huohuo wa 1975, ameipinga hadharani. Mji wa St. Paul kule Minnesota watu waliandamana kila ilipopelekwa, 1994, 1999 na 2013. Mwaka 2023 ilipofanywa upya Sheffield, kampuni ya sanaa ya Waingereza wenye asili ya Asia iliondoa mchezo wake kwenye ukumbi huo.

Wanachosema ni kwamba Wavietnamu wa kwenye shoo ni makahaba, kuwadi au wakomunisti wakatili, hakuna mwalimu, hakuna daktari, hakuna mtu anayeishi tu. Hata maneno ya wimbo wa kwenye harusi, yale yanayosikika kama Kivietnamu, kwenye toleo la mwanzo yalikuwa sauti tupu zisizo na maana, baadaye ndiyo wakaweka Kivietnamu cha kweli. Jamani hebu fikiria mtu atunge mchezo wa harusi ya Bagamoyo halafu wanawake waimbe maneno ya kubuni yanayofanana na Kiswahili, na sisi tumekaa ukumbini. Hilo lingeniuma maisha.

Zile picha za watoto mwanzo wa sehemu ya pili ni waigizaji?

Hapana, ni watoto wa kweli. John, yule rafiki aliyemlipia Chris kwenye baa, baada ya vita anafanya kazi ya kutafuta watoto walioachwa na wanajeshi, na anapoimba na kwaya ya wanaume nyuma yake kuna skrini inaonyesha sura za watoto hao. Wavietnamu waliwaita bụi đời, vumbi la maisha, jina la watoto wa mitaani. Shuleni walichekwa kwa sababu ya nywele na rangi, na waliozaliwa na baba weusi ndio waliopata shida zaidi. Desemba 1987 Marekani ilipitisha sheria ya kuwaruhusu kuhamia huko, wakaenda zaidi ya 20,000 pamoja na ndugu zao, wengi tayari ni vijana wakubwa na baba zao hawakuwapata.

Kiingereza changu sio kizuri, nitaelewa?

Soma kisa kabla, hicho nilichoandika juu kinatosha. Kuna sehemu watu watatu wanaimba maneno tofauti kwa pamoja, hata wenye lugha yao hawashiki yote. Imeshafanywa kwa lugha nyingine pia, Kijapani Tokyo tangu 1992, Kijerumani Stuttgart ilianza 1994.

Naweza kwenda na watoto?

Wadogo hapana. Kuna danguro, kuna wasichana wamevaa nusu, kuna mauaji na kujiua. Mtoto wa sekondari sawa, ila kaa naye mzungumze baada ya hapo.

Siwezi kufika London wala New York, naionaje?

Kuna rekodi ya onyesho la kutimiza miaka 25, ilirekodiwa pale Prince Edward Septemba 2014 ikatoka kwenye majumba ya sinema 2016, inapatikana kununua au kukodi. Kamera iko karibu sana na sura kiasi kwamba unaona vitu ambavyo mimi kule juu sikuviona. Usiizime ikiisha, mwishoni Salonga na Pryce wa 1989 wanapanda jukwaani wanaimba na hawa wapya. Vaa hedifoni nzuri, spika ya simu inaua okestra.

Yule mtoto anayekuwa Tam haogopi milio ya bunduki?

Wanapokezana watoto kadhaa, kila usiku mmoja, na wanazoezwa taratibu mpaka wanajua kila mlio unakuja wakati gani. Ile siku niliyokwenda mimi, mwishoni wakati wa kuinama mbele ya watu, Tam alitoka ameshikwa mkono na Kim wake, ukumbi mzima umesimama watu wanafuta machozi, yeye akapunga mkono mara mbili, akapiga mwayo mrefu, akaegemea mguu wa dada yule mpaka pazia lilipofungwa.